Mama, ugoro na Mto Wandle

Mama alikaa kwangu London wiki sita, na wiki tatu za mwanzo nilizipoteza. Nilimpeleka akaona Big Ben, akaona jumba la mfalme, akapanda basi la ghorofa na kukaa juu, kiti cha mbele kabisa. Kila tukirudi nyumbani namuuliza, "Mama, umeonaje?" naye ananijibu kwa upole uleule: "Pazuri, baba. Wenzetu wamejaliwa." Kisha anakaa dirishani, mikono mapajani, kimya.

Mama yangu si mtu wa kimya. Kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Njombe, watu wakigombea mpaka wa shamba huitwa yeye kwanza kabla ya mwenyekiti wa kitongoji. Nikadhani labda ni baridi, lakini baridi ya Mei London haiwezi kumtisha mtu ambaye kila mwezi wa saba anaamka na kukuta viazi vyake vimeunguzwa na sakitu. Nikadhani labda anaumwa na ananificha. Mke wangu ndiye aliyenifumbua macho, jioni moja tukiosha vyombo. Akaniambia, "Mama amechoka kuangalia. Tangu afike hapa hajashika kitu."

Sisi tunaishi Mitcham, kusini mwa jiji. Kwa miaka saba nimekuwa nikipanda tramu inayopita pembeni mwa bustani kubwa iitwayo Morden Hall Park, na kwa miaka saba nilichokiona ni miti tu inayopita dirishani. Jumapili ile niliamua kwenda huko kwa sababu ni karibu na hakuna kiingilio. Sikuwa na sababu nyingine yoyote, na sitajifanya kwamba nilipanga yaliyotokea.

Tulishuka kituo cha Phipps Bridge, mimi, mama na binti yangu wa miaka sita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, njia ina tope. Mama alivaa raba za mke wangu na kitenge chake juu ya suruali nzito. (Ukienda, vaa viatu usivyovionea huruma.) Eneo lote ni kama hekta 50, lina nyasi ndefu, miti mikubwa ya zamani, vichaka, na kinamasi ambacho wamekijengea njia ya mbao ili watu wapite bila kukanyaga matete. Katikati ya hayo yote unapita Mto Wandle, umegawanyika mikono kadhaa midogo.

Mama alipouona mto, aliacha njia. Alishuka hadi ukingoni, akachutama, akaingiza mkono majini na kuuacha humo kwa muda. Maji yalikuwa maangavu mpaka changarawe za chini zinahesabika, na majani ya majini yamelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa.

"Maji haya hayatoki mbali," akasema. "Yanatoka ndani ya mwamba."

Nilikuwa nimesoma kidogo usiku uliotangulia, kwa hiyo nilijua kwamba amepatia. Wandle ni mto wa chaki. Mvua hunyesha kwenye vilima vya chaki, mwamba mweupe laini, kusini mwa London, maji yakazama taratibu ndani ya mwamba ule, kisha yakaibuka kama chemchemi upande wa Croydon na Carshalton, yamechujwa na yana ubaridi usiobadilika sana mwaka mzima. Mito ya namna hii ni michache duniani, hutajwa kama 200 hivi, na mingi iko England. Nilimuuliza mama amejuaje. Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza moto unachoma kwa nini. Kisima cha kwetu pale bondeni, akasema, ndivyo kilivyo: asubuhi ya baridi maji yake yana uvuguvugu, mchana wa jua yana baridi. Nimechota maji kile kisima utoto wangu wote, na sikuwahi kulitambua hilo.

Tukafika kwenye vinu. Ni majengo mawili ya zamani, maji yanapita katikati kwa kishindo, na pembeni limebaki gurudumu kubwa la chuma. Nje yake yamewekwa mawe ya kusagia, mapana na mazito, yamechakaa kwa kazi. Mama aliinama akapitisha vidole kwenye jiwe moja.

"Walisaga nini hapa? Ngano?"

"Hapana, mama. Tumbaku. Walikuwa wakisaga ugoro."

Akacheka. Lilikuwa cheko lile la kwetu, la kupiga makofi, na watu waliokuwa wakipita na mbwa wao wakageuka. "Ugoro! Wazungu nao wananusa ugoro?" Nikamwambia walinusa sana. Katika karne ya 18 bwana mwenye heshima alikuwa na kikopo chake mfukoni, cha fedha au cha pembe, na kupeana ugoro ilikuwa sehemu ya salamu. Vinu hivi vilisaga tangu karne hiyo mpaka mwaka 1922. Familia ya Hatfeild, iliyokuwa na ardhi yote hii, ilitajirikia kwenye biashara ya tumbaku.

Hapo ndipo mama yangu alipoanza kuzungumza, na hakunyamaza tena mpaka jua lilipozama.

Alianza na bibi yangu. Mimi bibi namkumbuka kwa mbali tu, mzee mwembamba mwenye harufu kali kwenye khanga yake. Mama alinieleza harufu ile ilivyotengenezwa. Bibi alikuwa na matuta machache ya tumbaku nyuma ya nyumba, pale palipokuwa zizi zamani, kwa sababu tumbaku inataka ardhi yenye samadi. Majani aliyavuna kuanzia chini kwenda juu, akayatungika darini juu ya moto wa jikoni mpaka yakawa ya kahawia. Kisha aliyakausha tena kwenye kigae, akasaga kwenye jiwe la mkono, akachekecha, akatia magadi, akasaga tena. Watoto walifukuzwa siku hiyo, maana vumbi lake likikuingia unapiga chafya mpaka machozi. Akishamaliza anatia kwenye kikopo kidogo chenye mfuniko, na wazee wenzake wanaanza kufika mmoja mmoja, kila mmoja na sababu yake ya kuja, na hakuna anayesema amefuata ugoro.

"Kiasi cha kiganja," akasema mama, "kilimchukua asubuhi nzima." Akageuka akatazama gurudumu. "Hapa maji yalikuwa yanawasagia mchana na usiku."

Nikamweleza kadiri nilivyoelewa. Mto unazuiwa kwa lango, maji yanapanda kimo, yakifunguliwa yanasukuma mabamba ya gurudumu, gurudumu linazungusha mhimili unaoingia ndani ya jengo, na humo meno ya chuma yanapeleka mzunguko ule kwenye mawe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na hiyo tumbaku, nani alilima?"

Tumbaku haijilimi. Mtu aliyewahi kuishughulikia hawezi kuliona jiwe la kuisagia bila kufikiri juu ya kitalu, kupandikiza, kuokota viwavi kwa mkono, kukata vikonyo, kuvuna, kukausha. Ilinibidi nimwambie. Tumbaku ya Uingereza katika karne ya 18 ilitoka kwa wingi Virginia na Maryland, ng'ambo ya bahari, na waliolima kule walikuwa watumwa, Waafrika na watoto wa Waafrika. Mama aliondoa mkono juu ya jiwe. Alikaa kimya kidogo, halafu akaurudisha, akaliwekea jiwe kiganja chote, kama tunavyofanya kwenye kaburi kabla ya kuondoka. Binti yangu alipomwona akaweka mkono wake mdogo pembeni ya ule wa bibi yake. Hakuna aliyesema kitu. Mimi mahali pale nilikuwa tayari nimepaita "pazuri" mara mbili tatu tangu tufike. Na ni pazuri kweli. Lakini uzuri huu uliwahi kuwa na bei, na ilihitajika mtu anayejua kazi ya tumbaku ili swali liulizwe.

Ardhi yenyewe iliingiaje mikononi mwa watu wa kawaida kama sisi? Mwenye mali wa mwisho, Gilliat Hatfeild, alifariki mwaka 1941 bila mke wala mtoto, akaiacha kwa shirika la National Trust linalotunza mahali pa kale na mazingira. Jiji limejenga kila upande, nyumba kwa nyumba, na bila uamuzi ule leo pangekuwa na matofali tu.

Jambo moja lilimsumbua mama: siku ile gurudumu lilikuwa limesimama. Maji yanapita, chuma kimetulia. Alilizunguka kwa macho, akauliza kama limeharibika, kama kuna fundi. Nikamwonyesha jambo lingine hapohapo kwenye mto, karibu na yaliyokuwa mazizi ya farasi: skrubu kubwa ya chuma iliyolala kwa mteremko, maji yanaishukia na kuizungusha, nayo inazalisha umeme. Iliwekwa mwaka 2012. Umbo lake ni lilelile la Archimedes, mtaalamu wa hesabu wa Ugiriki ya kale, ambalo watu wa kale walilitumia kupandisha maji mashambani, ila hapa kazi imegeuzwa, maji yanashuka na umeme unatoka. Mama alilitazama kwa heshima. Lakini macho yake yalirudi kwenye gurudumu.

Tukaendelea kufuata mto. Njiani nilimweleza kisa cha maji haya, kwa sababu ndicho kilichonigusa zaidi niliposoma. Wandle una urefu wa kilomita 14 tu hivi, unashuka haraka mpaka Mto Thames, na kwa kasi yake ile vilijengwa makumi ya vinu: vya unga, vya ugoro, vya karatasi, vya ngozi, vya kutia vitambaa rangi. Uliwahi kuwa na samaki aina ya trauti wa kusifika. Kisha viwanda vikamwaga uchafu wao humo, nyumba zikamwaga wa kwao, na kufikia miaka ya 1960 mto huu ulihesabiwa rasmi kuwa mfereji wa majitaka. Uliandikwa kuwa si mto tena.

Mama alisimama. "Huu huu?"

Huu huu. Ulirudi polepole. Viwanda vilifungwa, sheria zikakazwa, majitaka yakasafishwa vizuri zaidi. Halafu kuna kazi ambayo hakuna sheria inayoifanya: watu wa mitaa ya kandokando walianza kuingia majini kwa buti ndefu, mara moja kwa mwezi, wanatoa matairi, baiskeli, magodoro, vitoroli vya dukani. Kuna shule zililea vifaranga vya trauti darasani, kwenye tangi la maji baridi, kisha watoto wakaenda kuwaachia mtoni kwa mikono yao. Mwaka 2007 kemikali ya kusafishia ilimwagika mtoni, maelfu ya samaki wakafa kwa siku chache, kazi ya miaka mingi ikaharibika. Wakaanza upya.

Nilikulia nikiamini kwamba mto ukishaharibika umeharibika. Nilisoma Dar es Salaam na kila siku nilivuka Msimbazi pale Jangwani, nikifunga dirisha la daladala kwa sababu ya harufu, na haikunijia hata mara moja kwamba maji yale yaliwahi kuwa mazuri au yanaweza kuwa mazuri tena. Sisemi kwamba Msimbazi na Wandle ni sawa. Msimbazi unafurika, unabeba mchanga na taka za jiji kubwa linalokua kwa kasi, na watu wanaishi na kulima bondeni mwake. Lakini nimeacha kuuita mto uliokufa. Neno hilo lina madhara. Ukishakisema kitu kimekufa, unajipa ruhusa ya kukitupia taka.

Ndege mdogo wa buluu alipita juu ya maji kama jiwe lililorushwa. Mdiria. Binti yangu hakumwona, akalia, tukasubiri dakika ishirini na hakurudi.

Pembeni kabisa mwa bustani kuna shamba la mifugo, linaitwa Deen City Farm, na limekuwapo tangu mwaka 1978. Ni shamba la kweli katikati ya jiji: mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku, punda, farasi wa watoto kujifunza kupanda. Wengi wanaofanya kazi pale ni wa kujitolea. Mlangoni mama alimsalimia kijana aliyekuwa na beleshi la samadi, "Kamwene!" Kijana hakujua Kibena lakini alijua amesalimiwa, akainamisha kichwa na kutabasamu.

Kwenye zizi la mbuzi mama aliniachia mkoba wake bila kuniangalia. Alimwita mbuzi mmoja kwa sauti ile ya ulimi ninayoikumbuka tangu utoto, na mbuzi akaja. Akamkuna katikati ya pembe, akamshika taya, akatazama meno, akatazama kope za macho kwa ndani, akashuka mpaka kwenye miguu.

"Kwato zimekatwa vizuri," akasema. "Anayewatunza hawa anawapenda."

Nikamtafsiria kijana. Akaweka chini beleshi. Akataka kujua kope zinatazamwa kwa nini, naye mama akaeleza, mimi nikitafsiri: zikiwa nyekundu mnyama yuko salama, zikipauka ujue ana minyoo inayomnywa damu. Kijana akasema nao huangalia hivyohivyo. Walizungumza karibu nusu saa, wakulima wawili ambao hawana lugha moja, na mimi katikati yao nilikuwa sijui hata nusu ya maneno ninayotafsiri. Kiingereza chake sikukijua, na Kiswahili chake ilibidi nimuulize mama.

Binti yangu alikuwa akisikiliza. Nyumbani tunazungumza naye Kiswahili na yeye hutujibu Kiingereza. Tumembembeleza, tumemwonya, tumemnunulia vitabu. Pale zizini alivuta kitenge cha bibi yake akasema, kwa Kiswahili, "Bibi, hii inaitwaje?"

"Kiwele."

"Na hii?"

"Ukwato. Zikiwa nyingi, kwato. Yule pale mwenye ndevu ni beberu. Huyu mdogo ni jike, bado mtamba."

Walizunguka shamba zima namna ile. Mtetea, jogoo, kishungi, upanga, samadi, pumba, hori. Alirudia kila neno kama mtu anayepokea pipi. Niliwafuata nyuma nimebeba mikoba, na nilijuta miaka niliyomfundisha mtoto lugha kwa kumwonyesha picha za tembo na twiga kitabuni, wanyama ambao hata mimi nimewaona mara mbili tu. Lugha yetu iko kwenye kwato na kiwele. Ilikuwa inamngoja dakika kumi kutoka nyumbani, kwenye zizi la Wazungu.

Kama una mgeni kutoka kijijini, mama yako au baba mkwe au shangazi, na unaona amenyamaza, usimwongezee majumba ya kutazama. Mtafutie mahali anapojua kuliko wewe. Mama yangu alikuwa wiki tatu nyumbani kwangu akiwa mtu asiyejua chochote: hajui mashine ya tiketi, hajui jiko, hajui kufungua mlango wa chini bila mimi. Pale zizini nilimwona akisimama wima tena.

Saa kumi alasiri tulikuwa tumechoka. Nilitaka kurudi kituoni, lakini mama aliuliza mto unaendelea wapi, basi tukaendelea nao. Mbele kidogo tu kuna Merton Abbey Mills, majengo ya zamani yaliyokuwa karakana ya kuchapa vitambaa vya kampuni ya Liberty, vilivyogongwa kwa mkono na mbao za kuchonga. Jirani yake, kuanzia mwaka 1881, William Morris, msanii mbunifu wa vitambaa, naye aliweka karakana yake, kwa sababu maji ya Wandle yalikubali rangi zake. Siku hizi pana vibanda vya mafundi na vyakula, na kelele za Jumapili. Nilikuwa nikitafuta mahali pa kununua chai nilipogundua mama hayupo nyuma yangu.

Nilimkuta kwenye nyumba ya gurudumu. Lilikuwa likizunguka.

Ni gurudumu pana, na zamani lilikuwa likiendesha mitambo ya kusuuzia vitambaa mtoni. Siku ile maji yalilisukuma kwa chini, bamba moja baada ya jingine, pole pole, na kila bamba likitoka majini linadondosha maji na kutoa mlio mzito kama mtu anayeguna akiwa usingizini. Mama alikuwa ameshika chuma cha uzio kwa mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujisumbua kuyafuta.

Nilisimama pembeni yake. Baada ya muda akaniambia kwamba walipokuwa wasichana, yeye na mama mdogo, walitumwa na debe la mahindi kwenye kinu cha maji cha misheni, mwendo wa saa mbili, na walikuwa wanausikia mlio huu kabla ya kukiona kinu. Wakishausikia wanaanza kukimbia. Baadaye ikaja mashine ya dizeli pale kijijini, hakuna aliyekwenda tena bondeni, na kinu kikaoza mpaka watu wakachukua mbao zake kwa kuni. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Nimekuwa mwanawe miaka arobaini na moja.

"Nichukulie sauti yake," akasema, akinipa simu. "Usichukue picha. Sauti."

Nikasogeza simu karibu na maji, dakika nzima, mama amemziba mjukuu wake mdomo kwa kiganja ili asiharibu. Tukamtumia mama mdogo bila kuandika neno. Kule ilikuwa usiku, nikadhani atasikiliza kesho. Hatujafika kituo cha tramu simu ikalia, ujumbe wa sauti, mama mdogo anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto:

"Dada, uko wapi wewe? Nani amekijenga tena?"